Giaboksi ya otomatiki ya kunyofoa: maneno ya gereji na ukweli wake

Giaboksi ya Toyota IST ikifia Tabora, mwenye gari ana njia mbili. Apige simu Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, na kusubiri mzigo usafiri zaidi ya kilomita 800. Au azunguke mjini atafute IST iliyopata ajali, imekalia matofali nyuma ya gereji fulani, wapatane bei na mwenyewe, fundi ainyofoe. Njia ya pili ni nafuu, na ndiyo yenye sifa mbaya. Giaboksi ikifungwa, baada ya wiki ikaanza kuteleza, lawama inakwenda kwa mtumba: "Spea za skrepa ndivyo zilivyo." Siamini hivyo. Nyingi kati ya hizo zilikuwa nzima siku ya ajali. Zimeuliwa baadaye na mikono ya watu, kwa kufuata maneno yanayorudiwa gereji mpaka yakawa kama sheria.

Neno la kwanza: "Weka N (gia huru), funga kamba, vuta hadi popote." Kwa gari la gia za mkono, sawa, lina nafuu. Kwenye otomatiki oili inasukumwa na pampu iliyo ndani ya giaboksi, na pampu hiyo inazungushwa na injini, si na matairi. Injini ikizima, pampu imelala, lakini matairi ya mbele, ambayo kwenye IST ndiyo yanayosukumwa na giaboksi, yanaendelea kuzungusha gia na bearingi zisizopata oili ya kutosha. Kuweka N kunaachia klachi tu, hakupeleki oili mahali. Kwa hiyo IST iliyogongwa Nzega ikaburutwa hadi Tabora, zaidi ya kilomita 100, matairi ya mbele yakiwa chini, inaweza kufika na giaboksi iliyokwisha kuliwa ingawa ajali yenyewe haikuigusa. Gari la namna hiyo linanyanyuliwa mbele au linapakiwa kwenye lori. Linalosukumwa na matairi ya nyuma linafunguliwa propela kwanza, ile shafti ndefu ya kwenda nyuma. La 4WD, linalosukumwa na matairi yote manne, linapakiwa, hakuna mjadala. Ndiyo maana swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei ni moja: gari lilifikaje hapa? Akianza kujikuna kichwa, shusha dau au aga.

Kuna wanaosema pia kwamba gari lililogongwa mbele lina giaboksi salama kwa sababu "ni chuma." Si chuma, ni aluminiamu, na kwenye gari la matairi ya mbele imekaa palepale panapogongwa. Kagua masikio ya kufungia na ule mdomo mpana unaobana injini. Ufa mdogo hapo unatosha kukatisha biashara. Gari lililogongwa nyuma ndilo la kutafuta.

"Injini moja, giaboksi moja" ni neno tamu kwa muuzaji. Injini ya 1NZ-FE utaikuta kwenye IST, Probox na Spacio, na bolti zinaweza kukubali kabisa. Lakini ya 4WD ina sehemu ya kutolea propela ambayo ya 2WD haina, na soketi za umeme na sensa hubadilika kati ya gari na gari. Noah ndiyo mtego mkubwa zaidi: zile za kuanzia 2001 zina giaboksi ya gia 4, ila baada ya mabadiliko ya 2004 za 2WD zilikuja na CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Injini ni ya jamii ileile ya 1AZ, lakini kontro boksi ya gari moja haitazungumza na giaboksi ya jingine. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: kibati cha Toyota kilicho kwenye boneti au nguzo ya mlango kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Piga picha kibati cha gari lako, kalinganishe na cha gari bovu, herufi kwa herufi.

Halafu rangi. Watu wanachomoa kijiti cha kupimia oili, wanaona oili nyekundu, wanatabasamu. Oili nyekundu inaweza kuwa imemwagwa jana. Nusa: ikinuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeungua. Ukiweza kufungua sampu, yaani karai la oili la chini, fungua. Zile sumaku ndogo za chini zikiwa na unga laini wa kijivu, usitishike, ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuokota kwa vidole, funga ujiendee. Rangi mbaya kuliko zote ni ya chai ya maziwa, kwa sababu hiyo ni maji. Yanaingia kwa rejeta iliyotoboka ndani, maana oili ya giaboksi hupozwa humo, au yanaingia kwa mvua: kijiti kilichomolewa Novemba, hakuna aliyerudisha, tundu likabaki wazi hadi masika ya Aprili. Maji yanaharibu gundi inayoshika bitana za klachi, na kubadilisha oili hakurudishi gundi.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo giaboksi nyingi zinapokufa. "Fungua bolti za kuzunguka, tikisa, vuta, itakuja." Itakuja kweli, ikiwa imeacha toki konveta kwenye injini. Konveta ni lile dude la duara kama sufuria lililofunikwa, limejaa oili, limefungwa kwenye sahani nyembamba ya flaiwili, na shingo yake imeingia ndani ya pampu. Ukivuta giaboksi bila kuifungua konveta, unachana sili ya pampu, unamwaga oili mwilini na pengine unapinda vitu visivyopindika bila hasara. Tafuta kidirisha kidogo chini, kati ya injini na giaboksi. Kwenye baadhi ya magari unapitia tundu la stata. Weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki, zungusha polepole, na bolti za konveta zitakuja dirishani moja moja. Toyota nyingi zina 6. Zikitoka zote, sukuma konveta irudi upande wa giaboksi, ndipo ufungue bolti za kuzunguka. Zikishaachana, pitisha waya au ukanda mdomoni ili konveta isiteleze ikaanguka njiani.

Injini iliyokwama haizungushiki, na usipoweza kuizungusha hutafikia bolti zote. Basi jaribu krenki kabla hujatoa hela, si baada.

Mafundi wengine hushusha injini na giaboksi kwa pamoja, au hukata pua yote ya gari kwa grenda, halafu wanazitenganisha chini. Wanachekwa kuwa hawajui kazi. Kwa gari la matairi ya mbele ambalo halitarudi barabarani, mimi nawaunga mkono: unaona kila bolti, na hakuna mtu anayelala chini ya chuma.

Maana hilo la kulala chini nalo lina neno lake: "Gari limekaa hapa miaka, halitaanguka leo." Limekaa hapo bila mtu kulitikisa. Giaboksi ya otomatiki mara nyingi ina kilo 60 hadi 100, na ikitoka uzito wa gari unahama. Tofali linapasuka bila taarifa. Tumia magogo mazito au stendi za chuma, na jeki ibebe giaboksi juu ya ubao mpana, kwani sampu ni bati tu. Likibonyea linaziba njia ya kunyonyea oili. Na usidhani oili imeisha kwa kufungua nati ya chini. Nyingine imebaki kwenye konveta, itakumwagikia giaboksi ikiinama. Tundu la shafti lizibwe kwa kitambaa na mfuko.

Siku ya kufunga kuna ushauri unaotolewa kwa nia njema: "Weka konveta yako ya zamani, ndiyo imezoea injini." Konveta ya zamani imejaa uchafu wa giaboksi iliyokufa. Tumia iliyokuja nayo. Isukume huku ukiizungusha. Itaingia kwa hatua, kila hatua utaisikia, mpaka izame ndani ya mdomo wa giaboksi. Giaboksi ikishagusana na injini, konveta lazima bado izunguke kwa mkono. Ukiona unahitaji kukaza bolti ili zivutane, simama. Hizo bolti zinavunja pampu.

Rejeta na mabomba ya kupozea yasafishwe, la sivyo uchafu wa zamani unaingia kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza. Oili iwe ya aina inayotajwa kwa giaboksi hiyo. T-IV si WS, ingawa zote ni oili za otomatiki za Toyota, na ya CVT ni ya CVT peke yake. Kwa zenye kijiti, kipimo kinachukuliwa injini ikiwaka na oili ikiwa ya moto, baada ya kupitisha lever kwenye gia zote na kurudi P. Ukipima injini ikiwa imezima, kijiti kitakuonyesha imejaa wakati bado haijatosha.