Kwa nini Porsche ya zamani hukimbia huku kilomita zimelala?

Keti kwenye Porsche 911 ya mwaka 1984. Injini inanguruma nyuma ya mgongo, mshale wa spidi umegusa 100, miti inapita dirishani. Sasa tazama kidirisha kidogo kwenye uso wa mita hiyohiyo, penye tarakimu za kilomita. Ya mwisho imekwama katikati, nusu 7 nusu 8, kama mtu aliyesinzia na kijiko mkononi. Endesha nusu saa nyingine, tazama tena: 7 na 8 bado zinagombania kidirisha.

Ukimwuliza mwenye gari atakwambia odomita, yaani kihesabu kilomita, ilikufa zamani, labda kabla hajalinunua. Ilikufa lini hasa? Hapo huanza kujikuna kichwa.

Inakuwaje spidi ionekane na umbali usionekane, wakati vyote viwili vinatoka kwenye mita moja? Jibu ni kwamba vinakaa nyumba moja lakini havili chungu kimoja.

Tuanze na magari ya waya, mfano MGB, Jaguar E-Type au Datsun 240Z. Waya wa chuma uliosokotwa hutoka kwenye giaboksi na kupita ndani ya ala yake hadi nyuma ya dashibodi, ukizunguka muda wote gari linapotembea. Ukifika kwenye mita huzungusha sumaku. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha alumini ambacho haikigusi hata kidogo. Inapozunguka huzua mikondo ya umeme ndani ya alumini. Mikondo hiyo hukivuta kikombe kiifuate sumaku, na springi nyembamba kama unywele hukirudisha nyuma. Pale nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze alisajili wazo hilo mwaka 1902, na likawahudumia madereva kwa sehemu kubwa ya karne nzima. Halina cha kusagika sana: sumaku na kikombe havigusani, basi vitaumizana vipi?

Umbali wenyewe huhesabiwa kwa meno. Waya uleule huzungusha gia yenye umbo la parafujo, nayo huzungusha gia nyingine, na nyingine tena, mwendo ukipunguzwa kila hatua. Kwenye mita za Smiths za Uingereza utakuta namba ndogo chini ya uso, kwa mfano 1280. Maana yake waya ukizunguka mara 1,280, hesabu inaongezeka maili moja. Mwisho wa msururu huo kuna vigurudumu vya tarakimu, kila kimoja na 0 hadi 9. Kigurudumu cha kulia kikitoka 9 kwenda 0, kijino chake humsukuma jirani wa kushoto hatua moja. Jirani naye akimaliza zamu yake humsukuma anayemfuata. Wazo la kuhesabu njia kwa meno ni la kale mno. Vitruvius, mhandisi wa Roma ya kale, alieleza gari ambalo magurudumu yake yaliendesha meno hadi jiwe dogo likadondoka kwenye chombo kila maili moja. Abiria walihesabu mawe.

Porsche iliachana na waya kwenye 911 kuanzia modeli ya mwaka 1976. Sensa iliyo kwenye giaboksi hutuma mapigo ya umeme, na saketi ndani ya mita ya kampuni ya VDO huyageuza kuwa mwendo wa mshale. Mapigo hayohayo huendesha mota ndogo, na mota hiyo ndiyo inayozungusha gia za odomita. Kwa hiyo hata katika zama za umeme, umbali uliendelea kutegemea meno. Mshale hauna jino la kuvunjika. Odomita ni meno matupu.

Meno hayo huumwa magonjwa mawili. Kwenye Porsche 944, na kwenye magari mengine ya Kijerumani ya miaka ya 1980, mgonjwa wa kwanza ni gia ndogo ya plastiki. Imekaa miaka 40 nyuma ya kioo cha mbele, ikiokwa na jua kila mchana na kupoa kila usiku. Inakauka, inapata nyufa, jino moja linakatika. Jino moja likishatoka, kila gia ifikapo kwenye pengo hilo huruka, na meno ya jirani huanza kubeba mzigo yasiyoumudu. Ukiifungua mita unakuta punje za plastiki zimelala chini kama makapi.

Ugonjwa wa 911 ni wa kijanja zaidi, kwa sababu mara nyingi ukizitazama gia zote unaziona nzima. Vigurudumu vya tarakimu vimepangwa kwenye shafti nyembamba ya chuma, na gia inayoizungusha shafti hiyo ni ya aloi ya zinki, imeshindiliwa tu, bila pini wala skrubu. Aloi ya zinki ikipata joto hutanuka zaidi ya mara mbili ya chuma. Tundu la gia linapanuka, shafti haipanuki kiasi hicho. Joto na baridi vikipokezana miaka nenda miaka rudi, mshiko unalegea. Gia inazunguka vizuri kabisa, shafti imelala. Ndiyo maana odomita nyingine hufanya kazi asubuhi kukiwa na baridi na kugoma mchana.

Na kipo kitufe cha tripu, kile cha kurudisha sifuri ili upime safari moja. Wenye magari haya huonyana: usikibonyeze gari likiwa linatembea. Wakati huo mota inazisukuma gia kwenda mbele, na kidole chako kinazilazimisha kurudi sifuri. Gia mpya ingevumilia. Ya mwaka 1984 huenda isivumilie.

Kuitoa mita ya 911 ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Imeshikwa na pete ya mpira tu. Unaivuta kwa vidole huku ukiichezesha kushoto na kulia, unaandika kila waya ulikuwa wapi, unazichomoa. Kazi ni kuifungua. Kioo kimebanwa na pete nyembamba ya chuma iliyokunjwa ukingo pande zote. Fundi mwenye haraka huipachika bisibisi na kuing'oa. Fundi hasa huukunjua ukingo kidogo kidogo, akizunguka mara nne, mara tano, kwa sababu pete hiyohiyo ndiyo itakayorudi, na kila alama ya bisibisi itaonekana mchana kweupe.

Kisha mshale. Ukiwa sifuri huwa umeegemea pini ndogo. Fundi huuinua juu ya pini, huuacha ujilalie unapotaka wenyewe, na kuweka alama hapo kwenye kipande cha utepe. Asipofanya hivyo atarudisha gari lenye kilomita za kweli na spidi ya uongo. Baada ya hapo hufungua skrubu mbili za uso, huisukuma shafti itoke, huikwaruza kwa meno ya koleo pale gia inapokaa ili ipate kushika, na kutia tone la gundi dogo kama kichwa cha pini. Tone likizidi litatiririka na kugandisha tarakimu zote. Kwenye 944 hubadilisha gia iliyovunjika kwa mpya, ambazo bado zinatengenezwa na kuuzwa kwa ajili ya kazi hii.

Katikati ya kazi hiyo kuna dakika chache ambazo vigurudumu vya tarakimu viko huru mkononi. Akitaka ataviweka 145,000, akitaka 45,000. Mafundi wa zamani wa magari ya waya hawakuhitaji hata kufungua mita: walichomeka drili nyuma yake na kuizungusha kinyume.

Ndiyo maana serikali zimeingilia. Sheria ya shirikisho ya Marekani inasema odomita ikitengenezwa na isiwezekane kubaki na namba yake, iwekwe sifuri, na kibandiko kigandishwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto kikionyesha namba iliyokuwepo na tarehe ya matengenezo. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, inakadiria kwamba kila mwaka magari zaidi ya 450,000 huuzwa yakiwa na kilomita za uongo. Ujerumani iliifanya kuchezea odomita kuwa kosa la jinai mwaka 2005. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: tangu 2006 gereji zinatakiwa kuripoti kilomita za kila gari linalopita mikononi mwao, na muuzaji humkabidhi mnunuzi cheti cha historia hiyo kiitwacho Car-Pass.

Hata hivyo, magari tunayoyazungumzia hapa yana mwanya. Kwa sheria ya Marekani, muuzaji wa gari la modeli ya 2010 kurudi nyuma halazimiki kutamka kilomita wakati wa kuhamisha umiliki. Kuzichezea bado ni kosa, ila hati za umiliki hazitakusaidia kujua ukweli.

Kuna na suala la tarakimu zenyewe kuishiwa nafasi. Magari mengi ya zamani ya Uingereza na Marekani yana tarakimu tano tu za maili, hivyo baada ya 99,999 hurudi 00000 bila mtu kufanya hila yoyote. Gari la michezo lililotembea kuliko yote yanayojulikana ni Volvo P1800S ya mwaka 1966, iliyokuwa mali ya mwalimu Mmarekani Irv Gordon wa New York. Septemba 2013, akiwa Alaska, alitimiza maili milioni 3, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Kwa odomita ya tarakimu tano hiyo ni kuzunguka mara 30. Ukiikuta inasoma 12,000 utasema nini? Kilichomfanya aaminiwe ni kumbukumbu za matengenezo alizotunza tangu siku ya kwanza.

Mimi nikiona gari la miaka 40 linalosoma kilomita 58,000, siulizi kama mwenyewe ni mwongo. Nauliza mita ilifanya kazi miaka mingapi kati ya hiyo 40. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na mita yake ikawa imelala tangu enzi za baba yake. Kwa hiyo naangalia mpira wa pedali ya klachi umelika kiasi gani, ubavu wa kiti cha dereva, ngozi ya usukani. Naomba risiti za gereji, maana kila gereji huandika kilomita, na namba zinazofanana kwenye risiti za miaka mitatu ni odomita iliyokufa ikijisema yenyewe. Tairi nazo zina tarehe: namba kama 2319 ubavuni ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kama gari limetoka Uingereza kuja Mombasa, kumbuka namba ile ni maili. 80,000 za Kiingereza ni karibu kilomita 129,000 zetu.

Bei siyo hasara pekee. 944 ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kwa umbali au kwa miaka, chochote kitakachotangulia. Ukikatika, pistoni hukutana na valvu na injini huharibika vibaya. Anayeishi kwa kutazama odomita iliyolala anaamini mkanda wake bado mpya, kwa kuwa namba haijasogea tangu ulipofungwa.

Madereva wa rali hawakuwahi kuiamini sana odomita ya kiwandani. Tairi likibadilishwa kipenyo hesabu hubadilika, kwa kuwa mita huhesabu mizunguko na haioni barabara. Tairi la ukubwa wa 205/55 R16 huzunguka kama mara 504 kwa kilomita. Weka lililo kubwa kwa asilimia 5 na kwa kila kilomita 100 ulizokwenda mita itaandika 95 tu. Ndiyo maana ndani ya magari ya rali ya zamani utakuta kisanduku cha kupimia umbali cha Halda mbele ya msoma ramani, chenye gia za kubadilisha kulingana na tairi lililofungwa. Hadi leo, kwenye rali ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, 911 za zamani hupita katika vumbi la Kenya msoma ramani akihesabu umbali kwa chombo chake mwenyewe. Kama odomita ya kiwandani kwenye dashibodi imekwama nusu 7 nusu 8, hilo halimpunguzii mwendo dereva.