Madirisha hayakurudi? Uliza kwanza kama yalihifadhiwa

Unamaliza kazi ukiwa na madirisha saba wazi, unatia alama kwenye kisanduku cha kuhifadhi kipindi (yaani orodha ya programu zilizo wazi, ili zifunguke tena), unatoka. Ukiingia tena, eneokazi ni tupu. Tatizo hili naletewa mara nyingi, na mara nyingi mwenye nalo ameshahangaika pasipohusika: amesakinisha programu upya, amepangua mipangilio ya kuanza, wengine wamefuta mfumo mzima. Mimi huanza na swali moja: kipindi kilihifadhiwa kweli? Kuhifadhi ni kazi moja na kurudisha ni nyingine, na kosa la kwanza huonekana tu inapofika zamu ya pili.

Nitaeleza kwa Xfce, mojawapo ya mazingira ya eneokazi ya Linux, kwa sababu faili zake zinasomeka kwa macho. Unapotoka, xfce4-session, ambayo ndiyo msimamizi wa kipindi, huiambia kila programu ijihifadhi. Programu hujibu kwa kukabidhi amri itakayotumika kuifungua tena. Mazungumzo hayo hufuata itifaki ya XSMP, iliyokuja mwaka 1994 na X11R6, toleo la X, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini. Msimamizi wa kipindi hapigi picha ya madirisha yako. Huandika alichoambiwa, basi.

Alichoandika kiko kwenye folda ya `~/.cache/sessions`. Fungua faili ambayo jina lake linaanza na `xfce4-session-` na utaona mistari kama hii:

`Client3_Program=thunar`
`Client3_RestartCommand=thunar,--sm-client-id,2f1c…`
`Count=6`

Hapa ndipo uchunguzi wote unapogawanyika. Kama programu yako haimo, tatizo lilitokea wakati wa kutoka, wala usipoteze muda kuchunguza kuingia. Kama imo, chukua ile amri ya RestartCommand, weka nafasi palipo na koma, uiendeshe kwenye terminali. Ikilalamika kwamba njia haipo, umeshapata jibu: programu ilihamishwa au ilisasishwa, na amri ya zamani inaelekeza kusiko na kitu.

Sasa tazama jina la faili lenyewe. Baada ya `xfce4-session-` hufuata jina la kompyuta na namba ya skrini, kwa mfano `:0`. Kuna kompyuta mpakato niliyoihangaikia siku mbili nzima: ikiwa kwenye mtandao mmoja ilirudisha madirisha ya jana, ikiwa kwenye mwingine ilirudisha ya wiki iliyopita. Folda ilikuwa na faili mbili zenye majina mawili tofauti ya kompyuta. Kila mtandao ulikuwa ukiipa mashine jina lake, kwa hiyo kila jina lilikuwa na kipindi chake. Tuliipa jina la kudumu kwa `hostnamectl set-hostname`, na mchezo ukaishia hapo.

Folda hiyo kukaa ndani ya `.cache` ni uamuzi ambao sijawahi kukubaliana nao. Kila mtu amefundishwa kwamba kache inafutika bila madhara, na programu za kusafisha diski huifagia yote. Kama umepanga usafi ufanyike kila unapotoka au kila kompyuta inapowaka, kipindi chako kinahifadhiwa vizuri kisha kinatupwa. Iondoe folda ya `sessions` kwenye orodha ya vinavyofagiliwa.

Angalia pia mmiliki: `ls -ld ~/.cache ~/.cache/sessions`. Ukiona root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kuna siku programu ya madirisha iliendeshwa kwa sudo, kwa mamlaka yake, ikaacha faili zisizo zako, na tangu hapo msimamizi wa kipindi hana ruhusa ya kuandika. Dawa ni `sudo chown -R $USER: ~/.cache`. Diski iliyojaa huleta dalili zilezile, kwa hiyo piga na `df -h` ukiwa hapohapo.

Ikiwa inayokosekana ni programu moja tu, huenda haikuwahi kujiandikisha. Kwenye terminali iliyoifungua, andika `echo $SESSION_MANAGER`. Jibu likiwa tupu, programu haikujua msimamizi yuko wapi. Hutokea sana ikifunguliwa kutoka kompyuta nyingine kupitia ssh, au na systemd, inayoendesha huduma za mfumo. Jibu likiwepo na bado haimo kwenye faili, basi waandishi wake hawakuiwekea XSMP, na hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Iweke kwenye programu za kuanza pamoja na kipindi. Lakini usiiweke huko programu ambayo tayari inarudishwa, utaipata mara mbili.

Madirisha yakirudi yote yakiwa yamerundikana kwenye eneo la kazi la kwanza, hilo ni la xfwm4, programu ya Xfce inayopanga madirisha, ambayo huhifadhi mahali pa madirisha kwenye faili yake ya `.state` ndani ya folda ileile. Na vichupo vya kivinjari ni mali ya kivinjari; msimamizi hufungua kivinjari tu, vichupo vinategemea mipangilio yake chenyewe.

Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, mengi ya niliyoyaeleza hayafanyi kazi. XSMP ilitengenezwa kwa ajili ya X, na chini ya Wayland programu ya kawaida hairuhusiwi kujipangia mahali pa dirisha lake kwenye skrini. Piga `echo $XDG_SESSION_TYPE` kabla ya lolote, maana nimeona watu wakitafuta faili ambazo mazingira yao hayaziandiki.

Ukiamua kufuta faili za kipindi zilizoharibika, usizifute ukiwa ndani. Ukitoka, zitaandikwa upya zikiwa na uchafu uleule. Toka kwanza, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, ufute yaliyomo ndani ya `~/.cache/sessions`, kisha urudi kwenye skrini ya kuingilia. Fungua madirisha mawili tu, hifadhi, toka, na usome ile faili kabla ya kuingia tena.