Jino Halina Tundu, Litaozaje?

Swali hilo nimeulizwa tena juzi hapa Moshi. Mama kamleta binti yake wa miaka 12 kutoka Kibosho. Juu ya jino la pili la mbele, fizi imetoa kijipu. Dozi tatu za amoksilini zimekwisha. Kijipu kinanywea, kinarudi. Eksirei ndogo waliyokuja nayo imesomwa "kawaida". Nikapitisha kioo nyuma ya jino: kuna kitobo cheusi, ncha ya sindano inaingia kwa shida.

Hapo enameli, gamba gumu la nje ya jino, ilijikunja kuingia ndani wakati jino linaumbwa, kama soksi iliyosukumwa kidole ndani. Bakteria wanajipenyeza humo huku jino kwa nje linang'aa.

Eksirei ya kawaida inalaza mkunjo, kiini (sehemu laini yenye neva ndani ya jino) na mzizi vyote kwenye bapa moja, vinafunikana. Eksirei ya 3D inalikata jino kama slesi za mkate, unaona mkunjo unaishia wapi: kwenye taji (sehemu ya jino inayoonekana), ndani ya mzizi, au umetokeza hadi kwenye mfupa. Mtafiti wa meno Oehlers alizipanga aina hizo tatu mwaka 1957. Ya binti huyu ilikuwa ya tatu. Kiini kilikuwa kizima, usaha ulitoka kwenye mkunjo peke yake. Nikasafisha mkunjo, kiini nikakiacha. Bila picha ile ningetoboa kiini kizima bure.

Ushauri wangu ni uleule, hata kama wauguzi wangu wameuchoka: jino hilo huota kwenye miaka 8. Likitoka tu, mleteni mtoto lichunguzwe kwa nyuma, pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Kuziba kitobo mapema ni dakika chache.

Wengine huniambia: "Basi nipige na mimi hiyo 3D, meno yangu ya kahawia." Hapana. Hiyo ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji ya huku kwetu, Meru na Kilimanjaro. Iko kwenye enameli, naiona kwa macho. Tunza hela yako.

"Mionzi ya 3D ni sawa na ya CT scan ya mwili." Hapana, ni michache kuliko hiyo, hasa ikipigwa sehemu ndogo ya taya. Ila inazidi eksirei ndogo, kwa hiyo mtoto simpigi kwa udadisi.

Na "meno ya plastiki", yale yanayodaiwa kumharisha mtoto hadi yang'olewe? Hapa uvumilivu unaniishia. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi ya kichanga anayeharisha ni jino la chonge linajiandaa kuota. Likichokonolewa, chipukizi la chonge la ukubwani nalo linaweza kuharibika. Miaka inapita, mama analeta mtoto mwenye chonge lililopinda na kuniuliza karithi kwa nani.