Mbegu ya peasi haileti peasi lilelile

Wengi huamini kwamba ukila peasi tamu la Ulaya ukaipanda mbegu yake, utavuna matunda yaleyale. Sivyo. Ua la mpeasi kwa kawaida huhitaji chavua ya mpeasi wa aina nyingine, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Mara nyingi mche wake huzaa matunda madogo, magumu, yenye chengachenga mdomoni, yanayokaribia yale ya mipeasi ya mwituni ya Ulaya na Kaukazi, asili ya mpeasi wa bustanini.

Ndiyo maana wakulima hubebesha, kazi waliyoijua hata Warumi wa kale: kikonyo (kijitawi) cha mti uliochaguliwa huunganishwa na shina jingine, mara nyingi la mkwinsi, mti wa matunda wa jamii moja na mpeasi, linaloufanya mti ubaki mfupi na uzae mapema. Aina ya Williams, ambayo Marekani huitwa Bartlett, iliota Uingereza katika karne ya 18. Miti yake yote ya leo imetokana na vikonyo vya mti ule mmoja, jambo ninaloliona la ajabu kweli. Mbegu hubaki njia ya kutafuta aina mpya. Anayetaka tunda analolijua atafute mche uliobebeshwa.