Roketi za hatua mbili: soma haya kabla ya kubonyeza swichi

Likizo zinapokaribia, malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha usalama wa anga huongezeka, na yanayotutia wasiwasi zaidi hayahusu roketi ndogo za injini moja. Yanahusu roketi za hatua mbili na tatu, yaani zenye injini zilizopangwa moja juu ya nyingine na kuwaka kwa zamu: inapaa vizuri, watu wanashangilia, kisha injini ya juu inawaka roketi ikiwa imeshalala na kukimbilia kwenye nyumba za watu. Wanaozirusha si wakorofi. Wengi ni vijana wenye bidii wakisaidiwa na wazazi wao, na tungependa waendelee.

Jambo la kushika ni moja. Roketi hizi hazina usukani. Injini ya juu itaisukuma roketi kule kule pua ilikoelekea pale inapowaka. Pua ikiwa imesimama wima, utapata mita mia kadhaa za urefu. Pua ikiwa imeinama, roketi itaongeza kasi kuelekea huko huko ilikoinamia, na hakuna wa kuirudisha. Mengine yote ninayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Sitaeleza namna ya kubandika mapezi wala kukunja parachuti. Nianze na injini, maana hapo ndipo makosa mabaya zaidi hufanyika.

Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa injini. Herufi ni msukumo wa jumla, yaani nguvu ya kusukuma ikizidishwa na muda: C ni zaidi ya newton-sekunde 5 hadi 10, D ni zaidi ya 10 hadi 20, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Namba inayofuata ni msukumo wa wastani kwa newton, kipimo cha nguvu. Namba iliyo baada ya kistari ni sekunde zinazopita tangu msukumo uishe mpaka chaji (baruti kidogo) ya kutoa parachuti ifyatuke. Injini ya hatua ya chini lazima iishie na sifuri: B6-0, C6-0, D12-0. Igeuze uitazame upande wa mbele, ule usio na tundu la kutolea moto. Injini ya kawaida imezibwa hapo kwa udongo mkavu. Ile ya sifuri haina kizibo, unaona baruti yenyewe, nyeusi na imeshindiliwa. Moto ukikaribia uso huo, tabaka jembamba lililobaki hupasuka, na chembe za moto hurukia ndani ya tundu la injini ya juu. Hakuna waya wala saa.

Sasa fikiria umeweka C6-5 chini. Msukumo ukiisha, roketi inaendelea kupaa bila nguvu kwa sekunde 5, inapoteza kasi, inaanza kupinduka, ndipo chaji inafyatuka na kuiwasha injini ya juu. Roketi inarudi ardhini ikisukumwa kwa nguvu zote. Ukikosea kinyume chake, ukaweka injini ya sifuri juu, parachuti itatupwa nje roketi ikiwa kwenye kasi kubwa kabisa na itachanika. Naomba mtu wa pili asome namba hizo kwa sauti kabla injini hazijaingizwa, kila mara, hata kama umeshazoea.

Injini mbili zilizogusana tu hazitoshi, kwa sababu shinikizo la gesi huzitenganisha kabla moto haujashika. Zifunge pamoja kwa mzunguko mmoja wa selotepu, tundu la injini ya juu likae sawasawa kwenye uso wa baruti ya ile ya chini. Mzunguko mmoja unatosha. Ukiurundika, injini haitaingia kwenye mrija, au hatua zitang'ang'aniana zinapotakiwa kuachana. Kama muundo wako unaacha nafasi kati ya injini, toboa matundu karibu na ncha ya juu ya hatua ya kwanza ili hewa iliyomo ipate pa kutokea, la sivyo itazisukuma hatua ziachane kabla moto haujafika. Njia hii ni ya injini za baruti nyeusi peke yake. Zile zenye fueli ya amoniamu pakloreti haziwashwi hivyo. Zinataka kiwashio chao na kifaa cha elektroniki, na si za mtu anayeanza.

Kuhusu wepesi, hesabu ni fupi. Msukumo wa wastani uwe angalau mara 5 ya uzito wa roketi nzima inapoondoka. C6 hutoa newton 6, kwa hiyo roketi isizidi gramu 120 hivi. Injini mbili za aina hiyo zinakula karibu gramu 48. Zinazobaki ndizo za mirija, mapezi, parachuti, gundi na rangi. Rangi huongeza gramu nyingi kuliko watu wanavyodhani, na gundi inayorundikwa mkiani huvuta nyuma kitovu cha uzito, yaani pale roketi inapolingana ukiiegemeza kwenye kidole.

Na kitovu hicho ndicho kinachoamua kama roketi itakwenda wima. Kinatakiwa kiwe mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa (pale nguvu ya hewa inayoisukuma roketi ubavuni inapolingana) kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mrija. Injini ya ziada ikikaa nyuma inakirudisha nyuma, ndiyo maana hatua ya chini huhitaji mapezi makubwa zaidi. Pima umbali huo kwa roketi nzima ikiwa na injini zote, kisha pima hatua ya juu peke yake. Watu wengi hupima moja tu. Halafu uangalie upepo. Roketi iliyo imara hugeuza pua kuukabili, na hatua ya pili huzidisha kosa hilo. Kanuni za usalama za chama cha kitaifa cha roketi cha Marekani zinakataza kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa. Kwa roketi ya hatua mbili, ushauri wangu ni uahirishe hata ukifika nusu ya hapo.

Sasa sheria. "Roketi yangu ni karatasi tu" si utetezi, na tafadhali tusiusikie tena. Nchini Marekani, mamlaka ya anga (FAA) huiweka roketi katika daraja la kwanza ikiwa haizidi gramu 1,500 pamoja na fueli, fueli yake ni ya kuungua taratibu na haizidi gramu 125, na imetengenezwa kwa karatasi, mbao au plastiki inayovunjika, bila sehemu kubwa za chuma. Hata ikiwa katika daraja hilo, hairuhusiwi kuhatarisha watu, mali au ndege. Vikomo ni vya roketi nzima, si vya kila injini. Injini mbili za C huhesabiwa kama D moja, na kanuni za chama nilichotaja zinataka uwanja wa karibu mita 150 kwa upana. Watazamaji wakae mita 5 au zaidi hadi kiwango cha D, na mita 9 ukizidi hapo.

Nchi nyingine zina vikomo vyao. Uliza mamlaka ya anga kabla hujanunua injini. Ombi la kibali litaje mahali kamili, tarehe na saa, urefu unaotarajiwa, uzito, kiasi cha fueli, na mtu mmoja anayewajibika ambaye simu yake itapokelewa siku hiyo. Ombi lisilo na urefu unaotarajiwa halisomeki, maana ndio tunaoutumia kujua kama marubani watangaziwe. Kibali cha kurusha si kibali cha kuhifadhi injini. Hilo ni la mamlaka ya vilipuzi, nayo ina adhabu zake. Kosa moja linaweza kuangukia sheria zote mbili.

Fueli ya kuchanganya nyumbani hatuijadili. Mwaka 1957 G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi White Sands, uwanja wa majaribio ya makombora nchini Marekani, aliandika kuhusu hatari za vijana kujitengenezea roketi. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu Nebraska, akamtumia roketi zake za karatasi zenye injini ya kubadilisha. Mchezo huu ulianzia hapo, ili mtoto asiguse kemikali.

Injini isipowaka, toa ufunguo wa usalama kwenye swichi ya kurushia na usubiri sekunde 60 kabla hujaisogelea roketi. Hatua ya juu ikianguka bila kuwaka, ngoja vivyo hivyo, kisha uichomoe injini na uiloweke kwenye maji mpaka baruti imomonyoke. Usiitumie tena. Iliyonasa kwenye nyaya za umeme iachwe hapo na shirika la umeme lijulishwe.