Kuchonga Kibao cha Lino: Ninaanza na Weupe

Wanaonitembelea karakanani huuliza kwanza kuhusu mchoro, ilhali katika uchapaji wa vibao kazi kubwa ni kuamua nini kiondolewe. Bobari, yaani patasi yenye makali ya mviringo, inapopita juu ya lino, tandiko la sakafu ninalolifanya kibao, mahali hapo patabaki peupe kwenye karatasi, na palipoachwa bila kuguswa ndipo patakapopokea wino. Kwa hiyo mtu aliyezoea penseli, ambayo kila mstari wake huongeza weusi, hana budi kujifunza kufikiri kinyume. Ndiyo maana mimi hupaka kibao kizima wino mweusi mwepesi, kisha huchora kwa chaki nyeupe tu, kwani kila palipo na chaki ndipo nitakapochonga.

Lino, iliyobuniwa Uingereza na Frederick Walton katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kutandikwa sakafuni, haina nyuzi kama mbao, hivyo bobari hugeuka upande wowote bila kupasua. Huianika juani kwa dakika kumi hivi, nayo huchongeka kama sabuni ya mche.

Aliyenivuta kwenye kazi hii ni John Muafangejo wa Namibia (1943–1987), ambaye alijaza maneno ndani ya picha zake za lino. Nami nilitamani kuchapa mwanamke aliyejifunga kanga yenye jina WEMA HAUOZI. Nilikumbuka kuupanga mstari kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa picha nzima hugeuka ikichapwa, na herufi nyingi za jina hilo hazidhuriki kwa kugeuzwa: W, M, A, H, U, O na I ni zilezile pande zote. E na Z sivyo, nami nilizichonga kwa uso wake wa kawaida. Nakala ya kwanza ilitoka na herufi mbili zinazotazama nyuma, na kibao nilichokichonga kwa wiki mbili kikawa hakifai, maana kilichokwisha kuchongwa hakirudishiki. Tangu siku hiyo huandika jina kwenye karatasi inayopenya mwanga, nikaigeuza, nikaifuatisha kibaoni, kisha nikakisoma kibao katika kioo kabla ya kushika bobari.

Wino huutandaza kwa rola juu ya kipande cha kioo huku nikiusikiliza. Ukiwa mzito hunatanata kwa kishindo. Ukifikia kiasi chake hutoa sauti kama mvua nyepesi juu ya makuti. Baada ya kukipaka kibao hulaza karatasi juu yake, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko cha mti, polepole, kwa mizunguko midogo, nikiinua pembe moja kutazama kama weusi umekolea. Mikwaruzo ya bobari inayobaki kwenye anga ya picha siifuti, kwa sababu huipa anga mwendo wa upepo ambao nisingeweza kuuchora.

Kisha nakala hutundikwa kambani kwa vibanio. Hapa pwani, wakati wa masika, wino wa mafuta huchelewa sana kukauka, nami siziandiki namba za nakala kwa penseli mpaka kidole kitoke kikavu.