Je, wajua kwa nini injini ya JavaScript hukatizwa makusudi katikati ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwarudiwa?

Programu ya JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, haianzi kwa mbio. V8, injini (programu ya kuiendesha) iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome, kwanza huisoma na kuitekeleza amri moja moja kwa intapreta yake, Ignition. Fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) ikiitwa tena na tena, injini huipeleka kwa kompaila ya TurboFan, ambayo huiandika upya kwa lugha ya prosesa yenyewe. (Katikati zipo ngazi nyingine mbili, Sparkplug na Maglev, ila hapa tuziruke.)

Mbio hizo zinatokana na kubahatisha. JavaScript haikuulizi mapema kama kitu fulani ni namba au maandishi, basi kompaila huangalia yaliyokwisha kupita: ikiwa mpaka sasa vimejumlishwa namba kamili ndogo tu, itatoa msimbo wa kujumlisha namba kamili, na mbele yake kuweka ukaguzi mwepesi. Siku ukaguzi ukigoma, msimbo ule wa kasi huachwa papo hapo na kazi kurudi kwa Ignition. Mbinu hii ni ya zamani kuliko JavaScript yenyewe. Urs Hölzle, Craig Chambers na David Ungar waliieleza mwaka 1992 katika lugha ya Self, wakitaka mtu aweze kusaka hitilafu ndani ya programu iliyokwisha kuharakishwa.

Kupanda ngazi, kutoka Ignition hadi TurboFan, si kazi ngumu kama kushuka. Anayeshuka yuko katikati ya shughuli, na intapreta lazima ipokee kijiti mahali hasa alipofika: si hatua moja nyuma, si hatua moja mbele.

Hapo ndipo itereta zinapoleta matata. Itereta, iliyoingia rasmi katika lugha mwaka 2015, ni objekti (kifurushi cha data na fanksheni) yenye fanksheni iitwayo next. Kila ukiita next inakupa kitu kinachofuata pamoja na alama ya done inayosema kama vimekwisha. Kitanzi cha for-of kinaita next kimyakimya kila mzunguko. Tatizo ni kwamba itereta inakumbuka ilipofika. Ukiita next mara mbili kwa bahati mbaya, kitu kimoja kimepotea na hakirudi.

Chukua fanksheni inayojumlisha vyote vinavyotoka kwenye itereta. Mhandisi anaiita kwanza kwa namba tupu mpaka injini iamini kwamba namba ndizo zote zilizopo. Kisha anaipa 10, 20, "x", 40, 50. Mizunguko miwili inapita salama, jumla ni 30. Mzunguko wa tatu, next imekwisha kuitwa na "x" iko mkononi. Kujumlisha kunagoma, injini inashuka. Jibu sahihi ni maandishi "30x4050", kwa sababu kuanzia pale JavaScript inaunganisha badala ya kujumlisha. Ignition ikianzia kabla ya next, "x" inamezwa na jibu linakuwa 120. Ikirudia hatua ya kuunganisha, linakuwa "30xx4050". Mimi naliogopa zaidi lile 120: ni namba safi, haina dalili yoyote ya kosa, na hakuna atakayeishuku. Ndiyo maana jaribio zuri halitazami jibu peke yake. Linahesabu pia next imeitwa mara ngapi: hapa ni 6, kwa kuwa ile ya mwisho ndiyo inayoleta done.

Kuna jambo la ndani zaidi. Itereta ya safu (orodha) ya kawaida, pamoja na objekti ndogo inayoletwa na next, mara nyingi haiumbwi kabisa katika msimbo wa kasi. TurboFan ikithibitisha kwamba hakuna mwingine anayeiona, huifuta na kubakiza namba ya nafasi kwenye rejista, hifadhi ndogo iliyo ndani ya prosesa. Wakati wa kushuka, Ignition inaitaka objekti kamili, kwa hiyo injini inalazimika kuijenga hapo hapo kutokana na vipande, ikiwa na nafasi ileile na safu ileile. Kipande kimoja kikikosewa, programu inaendelea na objekti ya uongo, na makosa ya aina hiyo ndiyo washambulizi wa vivinjari wanayoyawinda.

Kwa anayeijaribu injini, kungoja ishuke yenyewe kungechosha, kwa hiyo V8 ina amri za siri zinazoanza na alama ya asilimia. Ukiwasha chaguo la --allow-natives-syntax, %OptimizeFunctionOnNextCall inalazimisha kupanda, na %DeoptimizeNow inalazimisha kushuka pale ulipoiandika, hata ndani ya next yenyewe. Kushuka wakati next bado inafanya kazi ni hali tofauti: fanksheni iliyoita bado inangoja jibu, kwa hiyo ikishushwa msimbo wake hubadilishwa tu pale jibu linaporudi. Lipo pia chaguo la --deopt-every-n-times, linaloshusha kila baada ya kupita vituo kadhaa ambapo kushuka kunawezekana, bila kosa lolote kutokea. Programu ileile huendeshwa kwa namna zote na matokeo yakalinganishwa herufi kwa herufi.

Kona inayosahaulika kwa urahisi ni ya kutoka kabla ya wakati. Break ikikatiza kitanzi, au kosa likitokea ndani yake, JavaScript inapaswa kuiita return, fanksheni nyingine ya itereta, mara moja ili ifunge kazi zake. Lakini next yenyewe ikirusha kosa, return haiitwi hata kidogo. Jaribio linaloishusha injini katikati ya kosa la namna hiyo linadai hesabu ya return iwe 0, na hapo kuna msimbo mwingi wa kufunga ambao injini ingeweza kuuangukia kimakosa.